Boksi la mboga kutoka shambani: pika kinachooza kwanza

Kama umejiunga na wale wakulima wanaoleta boksi la mboga kila wiki basi ushajua kwamba tatizo lake sio bei wala ubora, tatizo ni kwamba we huchagui. Sokoni unaenda na hamu yako, unataka mchicha unanunua mchicha yameisha. Kwenye boksi shamba ndo linaamua, wiki hii unaletewa mafungu mawili ya mnafu, figiri, loshuu na majani ya maboga ambayo wala hukuyawaza, afu unasukumia yote kwenye friji, Jumatatu unapika kile unachokipenda, Jumanne unapika tena kile kile, kufika Ijumaa nusu ya boksi inateleza kama sabuni na unaanza kulalamika ati boksi ni hasara.

Boksi sio hasara, ila halipikwi kwa kufuata hamu. Linapikwa kwa kufuata kinachooza kwanza. Ukishika hilo tu mengine yote hapa chini ni kuelekezana.

Kwa ambaye hajawahi kuona mfumo wenyewe: unamlipa mkulima mapema, wengine kwa mwezi, wengine msimu mzima, afu kila wiki unapata fungu lako la kile kilichovunwa. Mvua ikigoma wote mnapata kidogo, mvua ikikubali wote mnazama kwenye mchicha. Wajapani walikuwa wanafanya hivi tangu miaka ya 1970 na Marekani mashamba ya kwanza ya namna hiyo yalianza 1986, sasa huku kwetu watu wanaagizana kwenye magrupu ya WhatsApp. Mi naandika nikiwa Arusha, kwa hiyo mboga nitakazozitaja ni zile za huku, za Tengeru na chini ya Mlima Meru, ila wa Dar na Tanga na Dodoma mtajikuta humu pia.

Hatua ya 1: boksi likifika, limwage

Usiliweke kwenye friji lilivyo, hata kama umechoka. Tandika kitenge mezani au chini, mwaga kila kitu, afu fungua kamba na raba zote. Mboga iliyofungwa fungu inajipasha joto yenyewe katikati, ukiingiza kidole ndani ya fungu la mchicha lililosafiri asubuhi nzima utaona pana uvuguvugu, na hapo ndo kuoza kunapoanzia. Majani yaliyokwisha njano au yenye ute toa saa hiyo hiyo, moja likibaki linaharibu wenzake.

Kama kuna karoti, bitiruti au figili (ile ya mzizi, sio figiri ya majani) zenye majani yake juu, kata majani uyatenge. Majani yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi, mwisho wa siku unabaki na karoti inayopinda. Na usitupe, majani ya bitiruti yanapikwa kabisa kama spinachi.

Usioshe kitu usichokipika leo. Mboga iliyooshwa ikawekwa na maji yake haimalizi siku mbili. Ila kama zimekuja zimelowa, na msimu wa masika karibu zote zinakuja zimelowa, zitandaze kwanza kivulini zikauke juu juu, usizianike juani.

Baada ya hapo zungushia kila aina kitambaa kikavu, khanga kuukuu inafaa sana, weka ndani ya mfuko ambao mdomo wake uko wazi, afu droo ya chini ya friji. Kwa asiye na friji: sukuma, loshuu na giligilani zisimamishe kwenye jagi lenye maji kidogo, mashina ndani majani nje, sehemu yenye kivuli na upepo, badilisha maji kila siku. Zile laini zifunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri kwenye kikapu, na kiukweli hizo zipike siku hiyo au kesho yake, usijidanganye.

Hatua ya 2: gawa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la leo na kesho: mchicha, mlenda mbichi, majani ya maboga, saladi, giligilani, na chochote ambacho jani lake ni laini na pana.

Fungu la pili la katikati ya wiki: mnafu, matembele, majani ya kunde, mgagani, figiri, spinachi, chainizi. Hizi zinavumilia siku tatu nne kama umezitunza.

La mwisho ni sukuma wiki, loshuu na kabichi. Kabichi hata usiiwaze, hiyo inakusubiri mpaka boksi linalofuata lije.

Kisamvu hakimo kwenye mafungu, kina taratibu zake, nitakifikia.

Sasa ukishagawa hivyo, ratiba ya wiki imejiandika. Hamna haja ya kukaa kila jioni unafungua friji unajiuliza leo tule nini, unachukua kinachofuata. Kuna siku utakula mnafu wakati roho inataka kabichi, ndo mkataba ulioingia huo.

Hatua ya 3: kuchambua na kuosha

Hapa ndo watu wanaporukia na hapa ndo ladha ilipo. Mchicha chambua majani na ncha changa za shina, shina ukilikunja likivunjika kwa sauti linapikika, likijikunja bila kuvunjika hilo ni kamba. Mnafu toa majani na vile vitunda vya kijani vitupe kabisa, vikiwa vibichi vina sumu ya asili.

Majani ya maboga yanahitaji uvumilivu. Shika jani kwa kikonyo chake, vunja ncha ya kikonyo kidogo bila kukikata chote, utaona nyuzi zinaning'inia, zivute taratibu kuelekea kwenye jani, zitakuja na ile ngozi yenye vinywele mpaka mgongoni mwa jani. Zungusha uvute upande wa pili. Ukimaliza, sugua majani kwa viganja kwenye maji, yale manyoya yanayokwaruza ulimi yanalainika. Mtu akikwambia hapendi majani ya maboga, mara nyingi amelishwa yasiyomenywa. Watoto wakiwepo wape kazi hiyo, wanaipenda.

Osha kabla ya kukata, sio baada, ukikata kwanza afu ukaosha vitamini C inaondoka na maji. Weka beseni kubwa la maji, tumbukiza mboga, koroga kwa mkono, acha mchanga ushuke, halafu INUA mboga utoe, usimwage maji mboga ikiwa ndani maana utaurudisha mchanga wote juu yake. Rudia mpaka chini ya beseni hamna kitu. Masika ni mara tatu au nne, mvua inarusha udongo mpaka ndani ya majani. Sukuma na kabichi zikiwa na wadudu wadogo wale wa kijivu, loweka dakika kumi kwenye maji ya chumvi, wanaachia.

Kata nyembamba sukuma, loshuu, figiri na majani ya maboga. Mchicha mchanga acha hivyo hivyo au kata mara moja tu.

Hatua ya 4: kupika, kila moja na dawa yake

Kosa la kawaida ni kupika majani yote kwa njia moja, kitunguu nyanya mboga funika dakika ishirini. Hapo mnafu unabaki mchungu, mchicha unakuwa matope na sukuma inakuwa kijivu.

Mchicha. Huu haraka. Kama ni wa kukaanga: mafuta kidogo, kitunguu kikilainika weka kitunguu saumu, nyanya moja tu, ikishaiva tupa mchicha, moto mkubwa, usifunike, geuza geuza dakika tatu nne uzime. Utatoa maji yake wenyewe, usiongeze. Na kumbuka unasinyaa sana, mafungu matatu makubwa ndo watu wanne. Ukitaka wa nazi: pika hivyo hivyo kwa tui jepesi kwanza na karoti ya kukwangua, likianza kukauka ndo unaweka tui zito kikombe kimoja, koroga mfululizo kuelekea upande mmoja, moto mdogo, likichemka mara moja toa. Ukiliacha tui zito litokote huku umekaa kwenye simu litakatika na utaona mafuta pembeni maji pembeni, halirudi hilo.

Majani ya maboga. Haya na karanga ni ndugu. Chemsha kwa maji kidogo na chumvi dakika kumi hivi na nyanya na kitunguu ndani humo humo, pembeni koroga unga wa karanga vijiko vitano vya kulia kwenye maji ya baridi mpaka uwe uji mwepesi usio na madonge, mimina, punguza moto. Kuanzia hapo usiondoke, karanga inashika chini haraka, kwaruza sufuria kwa mwiko dakika kumi mpaka uone mafuta ya karanga yanachomoza juu. Chumvi onja mwisho. Ugali wa moto, basi. Maua ya maboga yakiwepo kwenye boksi yaingize dakika za mwisho.

Mlenda. Maji yachemke kwanza, kikombe kimoja hadi viwili, magadi ya kubana kwa vidole viwili tu, afu ndo mlenda uliokatwa. Usifunike utamwagika. Dakika tano unapekecha kwa upekecho au unapiga kwa mwiko mpaka uvute, ongeza nyanya iliyosagwa, bamia ukitaka, karanga kidogo. Watu wa Dodoma na Singida watanicheka kuwafundisha mlenda, na wao wana ule mkavu wa kusagwa ambao ni mtamu kuliko huu mbichi, ila huku Arusha kuna watu wanautupa wakidhani ni magugu yaliyoingia bahati mbaya kwenye boksi.

Nikiwa hapo kwenye magadi: yanalainisha na yanaweka rangi ya kijani iwake, lakini yanaua vitamini C na baadhi ya vitamini B. Kidogo kwenye mlenda sawa. Kwenye mchicha na spinachi hayana kazi yoyote, acheni.

Mnafu. Uchungu wake ndo utamu wake ila lazima uuongoze. Maji mengi yachemke na chumvi, tumbukiza mnafu dakika tano mpaka nane, mwaga maji, kamua kidogo kwa mwiko kwenye chujio. Sufuria nyingine kaanga vitunguu viwili vikubwa mpaka vianze kuwa vya dhahabu, vitunguu vingi ndo siri kwa sababu vinaleta sukari yake, weka mnafu, mimina maziwa nusu kikombe au malai kama unapata, acha moto mdogo yanywewe. Ukilala usiku mmoja ukapashwa kesho yake unakuwa mtamu zaidi, kwa hiyo pika wa siku mbili. Mgagani nao unaenda njia hii hii. Mgagani na mnafu ukivichanganya na mchicha kidogo uchungu unashuka bila kumwaga maji mengi, hii nzuri kwa watoto wanaoanza.

Matembele. Watu wanayapikia sana na nyanya ila jaribu na dagaa. Dagaa wachambue vichwa, waoshe maji ya moto, wakaange wakauke, weka pembeni. Matembele yanyaushwe na kitunguu, hoho na bilinganya ikiwepo, mwisho rudisha dagaa, kamulia ndimu. Ndimu sio mapambo, madini ya chuma yaliyomo kwenye majani yanaingia mwilini vizuri zaidi yakikutana na vitamini C, na chai ya rangi juu ya chakula inafanya kinyume chake, ipishe hata saa moja. Na hata wale wa kuchemsha tu bila mafuta, weka kijiko kimoja jamani, vitamini A ya kwenye mboga inahitaji mafuta ndo mwili uichukue.

Figiri, loshuu na sukuma. Ukali wa figiri na loshuu unafanana na haradali, kwa hiyo ukizikaanga peke yake zinakukaba puani. Changanya na kabichi au karoti, au pika na nyama yenye mafuta, mchuzi wa mifupa unazipenda sana. Sukuma kata nyembamba kama uzi, kitunguu, moto mkali, dakika nne, toa ikiwa bado kijani. Wenye kuipika nusu saa siwaelewi. Msimu wa baridi huku kwetu, Juni mpaka Agosti, hizi tatu zinakuwa tamu kuliko wakati wowote, ukali unapungua na majani yananenepa, ndo wakati wa kuzila hata zikiwa nyingi.

Kisamvu. Kikija kwenye boksi shughulika nacho siku hiyo hiyo. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hayaliwi mabichi, hayawekwi kwenye juisi, hayapikwi juu juu kama mchicha. Chagua ncha changa, twanga kwenye kinu na kitunguu saumu mpaka iwe laini kabisa, kutwanga kwenyewe ndo kunaanza kuiachia sumu, afu chemsha kwenye maji mengi bila kufunika, lisaa limoja au zaidi, mvuke utoke. Kikishaiva ndo unaunga kwa tui au karanga au vyote viwili. Watu wa Tanga na kusini wanaweka na kunde au maharage, na mimi naona bila hivyo kisamvu hakijakamilika. Kwa vile kazi ni kubwa, twanga na kuchemsha kingi kwa mara moja, kigawe kwenye vimfuko ukigandishe bila kuunga, siku ukitaka ni nazi tu.

Mwenye historia ya mawe kwenye figo, mchicha na spinachi zichemshwe na maji yamwagwe, na muulize daktari wako kiasi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadili ghafla kiasi cha majani anachokula kwa sababu tu boksi limejaa, vitamini K inagongana na dawa hiyo, nayo pia ni ya kuongea na daktari.

Hatua ya 5: siku ya tatu, hesabu kilichobaki

Siku ya tatu jioni fungua droo uangalie kwa macho. Ukiona fungu ambalo unajua kabisa hulifikii, liokoe siku hiyo, usingoje linyauke.

Kugandisha: chemsha maji, tumbukiza majani yaliyooshwa dakika mbili, toa haraka weka kwenye maji ya baridi sana, kamua vizuri, finyanga mabonge ya ukubwa wa ngumi, kila bonge mfuko wake, andika jina na tarehe maana yote yakiganda yanafanana. Yanakaa miezi. Ukiyagandisha mabichi bila kuyapitisha kwenye maji ya moto yanakuwa meusi na yananuka majani makavu.

Kukausha: kunde, mgagani, mlenda na matembele yanakubali sana. Wasukuma na Wanyamwezi wana nsansa yao, yaani mboga ya majani yaliyokaushwa, miaka yote, na ukiila na karanga hutakumbuka kama kuna mboga mbichi duniani. Nyausha majani kwenye maji ya moto, tandaza kwenye ungo, funika na chandarua kuzuia nzi, kivulini penye upepo. Jua kali linakausha haraka lakini linaunguza rangi na vitamini A. Yakivunjika kwa vidole yako tayari, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Masika usijaribu, yataota ukungu, masika gandisha.

Na vile vidogo vidogo, jani tano za spinachi, kichane cha giligilani, sukuma mbili, kata vyote vichanganye kwenye unga wa chapati au mayai ya asubuhi. Mashina ya chainizi na spinachi kata vipande vidogo uyatangulize kwenye mafuta dakika mbili kabla ya majani, yanaliwa. Mashina magumu ya sukuma na figiri chemsha na mifupa upate supu, afu yatupie kuku.

Ongea na mkulima

Hili halipikwi ila linakuokolea pesa. Jioni kabla ya mavuno mwulize kwenye grupu kesho kunavunwa nini, ukijua mapema kwamba kuna kunde na majani ya maboga unanunua karanga na nazi kabisa badala ya kukimbizana dukani saa moja usiku. Mwambie familia yako ni watu wangapi, na ukisafiri mwambie mpishane wiki au mpe jirani boksi lako. Masika, kati ya Machi na Mei, tegemea majani laini mengi kupita kiasi kwa hiyo nunua karanga na vimfuko vya kugandishia mapema, vuli inarudia hivyo hivyo kwa kipimo kidogo, na kiangazi cha Januari na Februari utaona sukuma, matembele na kisamvu kwa sana kwa sababu ndo vinavyostahimili au vinavyomwagiliwa. Mafungu yakiwa madogo kipindi hicho usimtumie mkulima meseji za ukali, mwulize tu wiki ijayo anategemea nini, na maboksi matupu mrudishie yakiwa makavu.